Mpe Mama Haki Yake

6 Februari

Kwako mdogo wangu Fundi,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi yangu na watoto. Mimi ni mzima, ukiondoa mgongo, na mgongo wenyewe ni wa kukaa kitini, hauhitaji huruma ya mtu. Natumaini mashine yako ya kuchomelea haijaunguza tena pazia la jirani. Mwambie wifi kile kitambaa alichonitumia kimefika, na mimi si mnene kama anavyofikiri.

Nakuandikia barua kwa sababu simu zetu siku hizi ni za kuulizana "unanisikia?", na hata ukisikia, unasikia unachotaka. Tena kuna karatasi humu ndani za kukupa kazi.

Nimepata kitabu cha kufasiri. Chuo kimoja kinataka falsafa isomwe kwa Kiswahili, na mimi ndiye niliyekubali bila kuuliza unene wa kitabu. Kurasa zote zile zinatetea hoja moja: kwamba kabla hajatokea mfalme, wala bunge, wala karani wa kugonga muhuri, tayari haki ilikuwa haki na dhuluma ilikuwa dhuluma. Mtu anazaliwa na haki zake kama anavyozaliwa na vidole vyake. Sheria za watu zinakuja baadaye, na zikigongana na ile ya kwanza, zenye kosa ni hizo za watu.

Shida ni neno. Nimeandika "sheria ya asili" na "haki za asili". Mhariri wangu, mtu asiyecheka wala kuchekesha, anasema wasomi wataelewa, lakini yeye anataka kujua mtu wa kawaida atafikiri nini. Nikamwambia mtu wa kawaida ninaye, ni mdogo wangu. Usinune, ni sifa. Soma sura ya kwanza, kisha msomee na Mama. Alikuwa anapenda kusomewa huku anashona.

Na huyo Mama mbona simsikii? Zamani nikipiga asubuhi naambiwa ametoka, nikipiga jioni naambiwa hajarudi, yuko kwa Bi Vifungo, mwenzake wa kiwanda cha nguo, wanasengenya watu waliokwisha kufa. Sasa kila nikipiga wifi ananiambia, "Mama yupo ndani." Mama wa kukaa ndani simjui. Anaumwa? Nijibu, na usijibu kwa mafumbo.

Dada yako


1 Machi

Kwako Dada, wakili wa nyumba nzima,

Salamu tumezipokea. Sisi hatujambo. Mkubwa ameng'oa jino, mdogo amemeza shilingi, yote mawili yameisha salama. Nimechelewa kujibu kwa sababu umeme unakatika kila nikiwasha mashine, na nina mageti manne ya watu yamelala uani, na wenyewe wanakuja kila siku kuyatazama kama wagonjwa.

Sura yako nimeisoma. Nilikuwa nimeiweka juu ya meza ya kazi, mteja mmoja akaona kichwa cha habari, "Haki za Asili". Akaniuliza kama ipo ya kutibu kiuno. Sikumcheka, kwa sababu hata mimi niliposikia "asili" mawazo yalikwenda kwenye mizizi na chupa zisizo na lebo. Ngoma za asili, dawa za asili, sasa haki za asili. Ukurasa wa nne ukabadilisha ukaandika "haki za maumbile". Huo wifi yako ameuficha juu ya kabati ili watoto wasiuone. Mtu wa kawaida amekwisha kusema.

Mama nilimsomea. Alisikiliza vizuri, akauliza kama mwandishi ameoa.

Yeye hajambo kabisa. Anakula, mashavu yamejaa. Tumebadilisha vitu vidogo tu hapa nyumbani. Geti la mbele nimelitia kitasa kipya, kile cha kuzama ndani ya chuma, kazi safi hata ungeiona ungeisifu. Jumamosi nikiwa sina kazi nimempa haki ya kutoka, tunakwenda mpaka kwenye kona tunarudi. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Mdogo wako,
Fundi


9 Machi

Fundi,

Hamjambo? Mimi sijambo. Nimeishia hapo kwa salamu.

Umempa nini? Rudia. Umempa Mama haki ya kutoka? Mama aliyekutoa wewe tumboni mwake, leo wewe unampa yeye haki ya kutoka uani? Jumamosi? Ukiwa huna kazi?

Nimekaa na kitabu hiki miezi sasa, nimeumia mgongo, nimegombana na mhariri, kwa ajili ya jambo moja tu, kwamba haki haipewi. Kinachopewa ni ruhusa. Ruhusa ina mwenyewe, anaitoa akipenda na kuinyang'anya akinuna. Haki mtu anayo hata kama dunia nzima imenuna. Mtu kwenda anakotaka kwa miguu yake mwenyewe ni ya kwanza kabisa katika hizo haki, haihitaji hata falsafa, mtoto wa mwaka mmoja anaijua, mzuie uone atakavyolia.

Na hicho kitasa. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa kuhusu kazi safi. Ninauliza jambo dogo: ufunguo wake unakaa kwa nani? Mama anao? Kama anao, nisamehe. Kama hana, hiyo si "kubadilisha vitu vidogo". Hicho ni kifungo, na wewe ndiye askari jela.

Nijibu haraka.

Dada yako


2 Aprili

Dada,

Salamu. Watoto wanasoma, wifi yako anakusalimia kwa unyonge, utajua kwa nini.

Ulitaka haraka. Nimekaa na barua yako karibu mwezi kwa sababu kila nikishika kalamu nakuta ninakutukana, na Mama alitufundisha kutotukanana.

Ufunguo ninao mimi. Mwingine anao wifi yako. Mama hana.

Sasa sikiliza. Unakumbuka Desemba ulinipigia nikakuambia niko juu ya ngazi, nitakupigia baadaye? Sikuwa juu ya ngazi. Nilikuwa kituo cha polisi, namweleza Mama kwa askari: mrefu kiasi, gauni la kijani, anatembea kama mtu anayewahi kitu. Alikuwa ametoka asubuhi kwenda kwa Bi Vifungo, njia aliyoipita miaka yote, na hakufika. Tulimtafuta hospitali, sokoni, kwenye reli. Nilikwenda mpaka kwenye reli, Dada, nikatazama chini pande zote mbili. Jua linazama ndipo mlinzi wa shule moja upande wa pili wa mji akatuita. Mama alikuwa amekaa kwenye ngazi za watu, anawaambia anaishi nyumba yenye mlango wa bluu. Hiyo nyumba ilibomolewa hujazaliwa. Nilipomshika mkono akaniuliza, "Unanipeleka wapi, kijana?" Wala si "kijana" ya mama kwa mwanawe. Ni ile anayoitwa kondakta.

Daktari anasema akili itakuwa inakuja na kwenda. Siku nyingine ni yule yule, anakagua chenji na kukosoa mishono ya watu barabarani. Siku nyingine hayupo. Na hatuambiwi mapema ni siku gani.

Sikukuambia kwa sababu ungesema una kikao. Ndiyo, nimesema.

Sasa tuje kwenye hicho Kiswahili chako. Unasema haki haipewi. Mimi sikusoma chuo, lakini kila siku nasikia watu wanasema "mpe mtu haki yake". Wazee wanasema, mahakamani wanasema, na wewe umesema, nimeona ukurasa wa sita umeandika "haki tulizopewa na maumbile". Kama tumepewa, basi yupo aliyetoa. Na anayetoa anaweza kuchukua. Maumbile yaliyompa Mama akili sasa yanamnyang'anya, wewe umekaa huko na kamusi. Kitabu chako kinasema mtu ana haki hizo kwa sababu ni kiumbe mwenye akili. Nimepiga mstari hapo. Je, akili ikitoka, haki nayo inatoka? Inarudi nayo? Siku Mama hajijui, nani anayesimama pale getini? Nijibu hilo, usinijibu lingine.

Na nijibu la pili. Ulisema utakuja kukaa naye mwezi wa sita. Hukusema mwezi wa sita wa mwaka gani. Unajua huku tumefika wapi? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Fundi


20 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa wote. Mvua huku ni nyingi, ngazi za jengo zinateleza.

Nimesoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Kwanza Desemba. Ulinificha jambo la mama yangu kwa miezi, kisha unanilaumu kwa kutolijua. Ningekuja. Kikao ningekiacha. Hukunipa nafasi ya kukiacha. Hilo limeniuma kuliko yote uliyoandika, na uliyaandika ili yaume.

Lakini la "mpe mtu haki yake" nakushukuru nalo, maana umenipa jibu bila kujua. Angalia neno la mwisho. Yake. Ni yake kabla hujampa. Ukimwokotea mtu kofia yake ukampa, hujamzawadia kofia. Lugha yenyewe imekwisha kuamua kesi: tunachokiita kumpa mtu haki ni kumrudishia, na aliyechelewa kurudisha ndiye mwenye kosa. Nimempelekea mhariri. Amesoma, amekohoa, amesema "inafaa". Kwake hiyo ni kupiga vigelegele. Pale nilipoandika "haki tulizopewa na maumbile" nimefuta, sasa ni "haki tunazozaliwa nazo", na neno "asili" nimeliachia dawa za kiuno. Hongera, mtu wa kawaida.

Hilo la akili ni gumu kidogo, linajadiliwa sura ya saba. Nikiifikia nitakuandikia kwa kirefu.

Msalimie Mama. Mwambie mwandishi alikuwa kapera.

Dada yako


27 Aprili

Dada,

Hatujambo.

Nilikuuliza mawili. Umenijibu la tatu.

Nikuambie kinachotokea hapa wewe unapoisubiri sura ya saba. Kila asubuhi Mama anaoga, anavaa gauni la kazi, anafunga kitambaa kichwani, anakwenda getini. Anajaribu mpini. Anangoja. Wapita njia wanamsalimia kupitia kwenye nondo naye anaitikia kwa heshima zote, kana kwamba amesimama pale kwa kupenda. Jua likipanda anarudi ndani. Kesho yake hivyo hivyo. Miaka yote hii nimewachomelea watu mageti nikiwa upande wa nje, napima, napaka rangi, naondoka. Sijawahi kumtazama mtu kutoka nyuma yake akiwa ndani ya geti nililotengeneza mimi. Inaniua, na usinifundishe kwamba inapaswa kuniua.

Wifi yako ameacha duka lake ili awe anakaa naye. Anaosha vyombo kwa kelele.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Njoo uubebe uone kama ni usufi. Njoo umchukue.

Fundi


18 Juni

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu kutoka kwa wawili! Tangu nije kumchukua Mama ni wiki ya tatu sasa, na nimeona nikuandikie ili upunguze kupiga simu kila saa ya kula. Hajambo. Safari ya basi aliifurahia, alimsema dereva mpaka akapunguza mwendo. Amekipenda chumba chake. Amelalamika kuhusu mapazia, amefumua mojawapo na kulishona upya, limependeza. Msalimie wifi, mwambie arudi dukani kwake sasa, apumzike kwa kufanya kazi.

Nataka uelewe kwamba hapa mlango haufungwi. Una komeo la ndani tu, kama milango ya watu. Mama anatoka anapotaka. Anashuka ngazi ghorofa zote tatu akishika ukuta, anasalimiana na kinyozi wa chini, anarudi. Nimemwandikia anwani kwenye kipande cha nguo, tumekishona ndani ya gauni pamoja, yeye mwenyewe alichagua rangi ya uzi. Unaona? Ni kumheshimu mtu tu. Ukimtendea mtu kama mwenye akili, akili inajitokeza kuja kupokea heshima yake. Wewe ulianza na chuma kwa sababu ndicho unachokijua.

Siku mbili hivi ameniita kwa jina la dada yake marehemu. Sikumsahihisha. Hakuna aliyekufa kwa kuitwa jina la mwingine.

Sura ya saba nimeianza.

Dada yako


2 Julai

Dada,

Salamu, na shukrani. Nyumba imekuwa kimya mpaka watoto wananong'ona bila kuambiwa. Wifi yako amefungua duka. Mimi nimelala usingizi wa mchana kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana, nikaamka nimechanganyikiwa, nikaenda moja kwa moja kuangalia geti.

Nimefurahi kwamba mambo ni mazuri. Nimefurahi pia kwamba nilianza na chuma kwa ujinga wangu. Uliponiambia mara ya mwisho kuhusu huko kwako, mbele ya jengo kuna barabara ya malori yanayotoka bandarini. Katika barua yako kuna kinyozi, kuna mapazia, kuna uzi. Hakuna barabara. Imehamishwa?

Sitaki ugomvi. Nauliza tu.

Fundi


24 Julai

Mdogo wangu,

Salamu kwako, kwa wifi na kwa watoto. Mama ni mzima. Naanza na hilo ili usiruke mistari. Ni mzima, ana mchubuko kiwikoni, basi.

Barabara haijahamishwa.

Mhariri alitaka sura ya saba. Nilikuwa mezani, nimeinamia sentensi moja tangu asubuhi, ile ile uliyoipigia mstari, imerudi humo, kuhusu kiumbe mwenye akili. Nilisikia Mama anafungua mlango. Nilisema "usiende mbali, Mama," bila kuinua kichwa. Ninaheshimu haki, unaona. Baadaye nikasikia honi. Si moja, ni nyingi, zimeshikana. Sikumbuki nilivyoshuka ngazi. Mama alikuwa katikati ya barabara, malori yamesimama pande zote mbili, madereva wanatukana, naye amenyoosha mkono mbele yao, anawaambia wasubiri, kuna wasichana wa zamu wanavuka kuingia kiwandani. Kinyozi ndiye aliyemshika. Wakaanguka wote wawili pembeni. Yule mtu anamnyoa nani sijui, lakini kuanzia leo ni ndugu yetu.

Kesho yake nilikwenda dukani nikanunua kitasa. Sikuomba ushauri wako. Nililijua jina lake, nilikieleza vizuri kabisa, kile cha kuzama. Nikamwita fundi wa mtaani aje kukitia mlangoni, kifungwe kwa nje. Mama alikaa kwenye kiti karibu naye akimshikia skrubu, akamweleza kwamba ana mtoto anayefanya kazi hizo na anazifanya vizuri kuliko yeye. Yule fundi akacheka. Akamaliza, akanipa funguo, akaondoka.

Nikatoka kwenda kununua mkate. Nikafunga. Nikiwa bado nimesimama nje, nilisikia anajaribu mpini. Polepole, mara mbili. Halafu akaniuliza kupitia mlangoni, na hakuwa na hasira, Fundi, ilikuwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli. "Nimefanya kosa gani?"

Ulitaka nikujibu swali lako. Nakujibu, na si kutoka sura ya saba, ambayo ni takataka, mwandishi amezunguka zunguka kama mimi nilivyozunguka. Nilipogeuza ule ufunguo nilijua ninachukua kitu. Nilijiambia ninalinda, na kweli nilikuwa ninalinda, lakini mkono wangu ulijua kwamba unachukua. Kitu ambacho mtu hana huwezi kumchukulia. Basi anayo. Siku anajijua anayo, siku hajijui anayo, siku ananiita dada yake marehemu anayo nzima nzima, haijapungua hata ukucha. Hilo ndilo jibu. Na sasa niambie linanisaidia nini, maana malori bado yanapita! Nimechoka. Nimemkasirikia mwandishi, nimekukasirikia wewe kwa kuwa ulisema kweli, nimemkasirikia mpaka Mama, na ninaona haya.

Kanda si la usufi.

Dada yako


1 Agosti

Dada yangu,

Salamu. Wote wazima. Mpe kinyozi salamu zangu na umwambie akihitaji geti, aseme.

Nilitaka kukucheka. Nilikuwa nimejiandaa tangu Juni, nina maneno mazuri nimeyatunza. Nimeyatupa.

Kuna jambo sikukuandikia. Januari nilipofunga kile kitasa, mimi pia aliniuliza swali hilo hilo, neno kwa neno. Nikamwambia, "Hujakosa kitu, Mama, ni kwa usalama wako." Akasema, "Basi fungua." Sikufungua. Ndiyo maana nilikuwa nakuandikia kwa ukali namna ile. Nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia kwamba akili ikiondoka na haki inaondoka, ili nipate usingizi, na wewe ndiye msomi pekee ninayemjua. Nashukuru hukuniambia.

Sasa nisikilize, na mara hii mimi ndiye natoa amri. Kitasa nimekitoa. Pamebaki tundu kwenye chuma, nitaliziba nikipata nafasi. Mama arudi hapa, kwa sababu hapa mtaani wanamjua na magari yanakwenda polepole. Na wewe unarudi naye. Simaanishi mwisho wa wiki. Kitabu kinafasirika popote penye meza, na chumba chake cha kushonea kina meza na dirisha. Kupokezana mama kama mtungi wa gesi kumekwisha.

Utaratibu ni huu: akitaka kutoka, anatoka. Sisi hatumzuii, tunakwenda naye. Siku yangu, siku yako, siku ya wifi yako, na Bi Vifungo ameomba siku mbili, anasema kwake ni mapumziko. Njia anachagua Mama. Sisi tunakaa upande wa magari. Akienda mbali, tunakwenda mbali. Kazi zitalala, mageti yatasubiri, mhariri atakohoa. Hakuna namna nyingine niliyoiona, na nimetazama sana. Ninyi mnaandika kwamba mtu ana haki, hamwandiki kwamba itawachosha miguu wengine.

Niambie siku ya basi.

Mdogo wako,
Fundi


11 Agosti

Mdogo wangu,

Salamu kwako, kwa wifi, kwa watoto na kwa Bi Vifungo. Tutapanda basi la Alhamisi asubuhi. Vitabu nimevifunga kwenye masanduku, vitakuja nyuma na lori, na wewe ndiye utakayevipakua, kwa kuwa ni wewe uliyeamuru.

Mhariri nimemwambia kitabu kitachelewa na sababu yake. Alikohoa kwenye simu. Kisha akaniuliza Mama anapenda kutembea saa ngapi, na akasema kuna mzee kwao pia. Ameniongezea muda.

Leo mchana Mama alikuwa vizuri, yule wa siku zote. Nikaona nimweleze mwenyewe, nisimhamishe kama kabati. Nikamwambia tunarudi nyumbani kwa Fundi. Akasema sawa, mapazia ya huku amekwisha kuyarekebisha. Nikamwambia kuanzia sasa hakuna mlango utakaofungwa kwa nje, si huku wala kule. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeletewa kitu chake alichokuwa amekiazimisha. Hapo nikajiona nimefanya jambo kubwa, nikaongeza kwa sauti nzuri: "Ukitaka kutoka utatoka, Mama. Mimi nitakuwa nakufuata tu."

Akaacha sindano. Akanitazama juu mpaka chini.

"Nani amekuruhusu kunifuata?"

Kurasa mia nne nilizofasiri, Fundi, zote zilikuwa upande wake. Ikabidi niombe. Nimemwomba mama yangu ruhusa ya kutembea nyuma yake barabarani, na nikaomba na kwa niaba yako, na ya wifi.

Amesema atafikiria.

Dada yako